Tairi la Mbio Likishuka Lodwar

     

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu cheusi, cha mviringo, ambacho mwenye gari hukikumbuka siku kinapoishiwa upepo. Ni tairi. Lakini si tairi la lori linaloshuka kutoka Kitale na magunia ya unga, wala la Probox iliyobeba abiria, mitungi ya maji na mbuzi mmoja kwenye buti. Leo ni zamu ya tairi la mbio: lile ambalo mwenye gari la kasi hulinunua kwa bei ambayo nyumbani haitajwi, akalifunga, akaenda kulijaribu.

Basi swali ni hili. Tairi kama hilo likishushwa hapa Turkana, likapewa barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, litafanya nini? Litashika? Litapasuka? Au, kama wanavyotaniana vijana wa jukwaa la magari, litayeyuka kama mafuta ya kupikia?

Tuanze na asili yake. Katika nchi zenye viwanja vya mbio kuna desturi ya kukodi uwanja kwa siku moja. Mwenye gari hulipa ada, huvaa kofia ngumu, huingia na kuzunguka. Hakuna kombe. Hakuna wa kushindana naye ila saa yake mwenyewe. Kule Ujerumani, mzunguko wa zamani wa Nürburgring una urefu wa karibu kilomita 21, na watu husafiri kutoka nchi za mbali ili wauzunguke mara chache na warudi makwao wakiwa na hadithi. Kwa siku kama hiyo ndipo viwanda vilibuni tairi la kati na kati: lina mifereji ya kutosha kuruhusiwa barabarani, lakini moyo wake uko uwanjani. Michelin wana lao, Toyo wana lao, Yokohama wana lao.

Kenya haina uwanja wa lami wa hadhi hiyo. Kilicho karibu ni mashindano kama ya Kiamburing huko Kiambu, ambako barabara inayopita kwenye mashamba ya chai hufungwa, na gari moja moja hupigwa saa. Huko ndiko vijana wenye Subaru na Mitsubishi hupeleka matairi yao mapya. Lakini Kiambu ni baridi. Kiambu kuna ukungu. Tairi lililosifiwa asubuhi ya Kiambu halijaulizwa swali lolote la Lodwar.

Sasa tusogee karibu zaidi. Tairi hili lina tofauti gani na lile la kawaida? Msikilizaji, kama una gari hapo nje, toka ulitazame. Ubavuni mwa tairi, katikati ya maandishi mengi, huenda ukakuta neno TREADWEAR na nambari mbele yake. Nambari hiyo inatokana na kipimo cha serikali ya Marekani, na inalinganisha uchakavu wa tairi moja na jingine. Tairi la kawaida la familia mara nyingi husoma 400 au zaidi. La mbio husoma 200, na mengine 100. Hizo si kilomita, tafadhali. Ni ulinganisho tu: nambari ikiwa kubwa, tairi limeahidiwa maisha marefu, ikiwa ndogo, mpira wake ni laini na utaisha upesi.

Kwa nini mtu anunue kitu kinachoisha upesi? Kwa sababu ulaini ndio mshiko. Mpira laini huingia kwenye vijitundu vya lami kama kidole kinavyoingia kwenye ugali wa moto. Gari linakata kona bila kuteleza, breki zinakamata mapema. Ila ulaini huo hauji bure na hauji baridi. Tairi la mbio likiwa halijapata moto huwa gumu na la kutoaminika. Likifika nyuzi 70, 80, 90 za selsiasi ndipo linapoamka.

Hapa ndipo mtu wa Lodwar anapocheka. Anasema: joto? Joto hapa linagawiwa bure!

Ni kweli, linagawiwa bure. Mchana wa Lodwar huzunguka nyuzi 35 mwezi baada ya mwezi, na lami nyeusi iliyolala juani huwa na moto kuliko hewa iliyo juu yake. Lakini joto la jua na joto la mbio si ndugu wa tumbo moja. Uwanjani, tairi hupata moto kutoka ndani: kona ya kulia, kona ya kushoto, breki, gesi, mpira unavutwa na kukunjwa mpaka unapata jasho. Barabara ya Kakuma imenyooka. Unaiona mbele, unaenda, na bado iko mbele. Katika mwendo wa kunyooka, mabega ya tairi hayafanyi kazi kubwa. Sehemu ya katikati ndiyo inayosagwa na lami ya moto, kilomita baada ya kilomita. Dereva atafika Kakuma akiwa amelila tairi lake katikati, na mabega, ambayo ndiyo aliyolipia, bado yanang'aa kama yalivyotoka dukani.

Je, litayeyuka? Hapana. Na sababu yake ina hadithi. Zamani mpira mbichi kwa kweli ulikuwa ukilainika vibaya msimu wa joto na kukakamaa msimu wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear akagundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hubadilika moja kwa moja. Fikiria unga wa chapati. Ukiwa donge, unavutika na kunata mikononi. Ukishapita kwenye kikaango, umekuwa chapati. Hata uuweke juani siku nzima, haurudi kuwa donge. Tairi ni chapati iliyokwisha kuiva.

Na mfano huohuo wa chapati unatufikisha kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Chapati ikipashwa mara moja, ni tamu. Ikipashwa mara ya pili, bado. Ikirudishwa jikoni mara ya kumi inakuwa ngumu, unaitafuna kama ngozi. Tairi la mbio ni vivyo hivyo. Kila linapopata moto mkali na kupoa, mpira hukakamaa kidogo. Mifereji inaweza kuonekana mizima kabisa huku mshiko umeshaondoka. Ndiyo maana wazoefu hawahesabu kilomita za tairi la aina hii. Wanahesabu limepashwa mara ngapi.

Sasa tumwazie dereva mmoja. Ni wa kubuni, hana jina, kwa hiyo asitafutwe. Ana Subaru Impreza ya mtumba kutoka Japani, amelifungia matairi manne mapya ya mbio jijini Nairobi, na ameamua kuyaleta nyumbani Lodwar Krismasi. Anapita Nakuru, Kitale, Kapenguria, anateremka Marich Pass huku masikio yakiziba na kuzibuka, anavuka Kainuk, anapita Lokichar.

Barabara hii yenyewe inastahili sentensi mbili tatu, kwa sababu bila barabara tairi ni pambo. Mwaka 1959 wakoloni walimtoa Jomo Kenyatta Lokitaung na kumweka Lodwar, na hawakuuchagua mji huu kwa uzuri wa mandhari. Waliuchagua kwa sababu gurudumu lilifika kwa tabu. Lami ya kutoka Kitale ililetwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1980. Kisha ikachoka, ikachimbika, mpaka madereva wakaona afadhali wapite mchangani kando yake. Mwaka 2018, malori yalipoanza kubeba mafuta ghafi ya Lokichar kwenda Mombasa, kila aliyeyaona yakiyumba kwenye mashimo alijua tabu ya matairi yale. Mradi uliopata fedha za Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2015, ndio ulioleta lami mpya ya sehemu kubwa ya njia kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Kwa hiyo leo kijana anaweza kuota kuhusu matairi ya mbio. Baba yake aliota kuhusu spea mbili.

Turudi kwa dereva wetu. Amefika Lodwar. Anasimama kwa fundi wa pancha, kivulini, anasubiri matairi yapoe, kisha anaomba apimiwe upepo. Nairobi aliweka 32, kwa kipimo cha psi. Geji inasoma 32. Anatabasamu: hakuna kilichobadilika.

Kimebadilika, tena mara mbili! Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Lodwar iko chini, kama mita 500. Huku bondeni hewa ya nje ni nzito zaidi, na geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Kwa kuteremka tu, usomaji ungeshuka kwa karibu 2. Lakini Lodwar ni moto, na upepo ukipata moto hutanuka. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupandisha geji kwa kama 1 na nusu. Teremko limepunguza, joto limerudisha. Geji imebaki palepale kama mizani yenye mawe mawili, na dereva anadhani hakuna jiwe.

Na hapo bado hajaondoka kuelekea Kakuma. Akiendesha nusu saa mchana, geji itapanda tena kwa 4, kwa 5, kwa 6. Ndiyo maana jambo la leo, mpenzi msikilizaji, ni hili, na litarudiwa: pima upepo tairi likiwa baridi. Asubuhi, kabla ya jua kupanda, kabla ya gari kutembea. Ukipima tairi la moto ukaona umezidi, ukapunguza, kesho asubuhi tairi litakuwa limepwaya. Na tairi lililopwaya likienda kasi hukunjika ubavu kila linapozunguka, linajipika lenyewe kutoka ndani. Matairi mengi yanayopasuka njiani hulaumiwa jua, kumbe upepo ulikuwa mdogo.

Wapo watakaosema: si aweke naitrojeni? Vituo kadhaa siku hizi huuza upepo wa naitrojeni kwa bei yake. Haina ubaya, ni kavu, na ukavu una faida. Lakini hewa hii tunayovuta bure, kuanzia hapa mpaka Lokichoggio, karibu sehemu nne kati ya tano ni naitrojeni tayari. Fedha hizo zingenunua geji nzuri ya mkononi.

Tuendelee na safari. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Zamani, magari kwenye njia hii yalikwenda kwa msafara wa askari, na tairi moja likitoboka lilisimamisha abiria kibao, wote wakiangalia vichaka. Waliosafiri enzi hizo hawakuuliza tairi lina mshiko kiasi gani. Waliuliza lina ngozi nene kiasi gani.

Na ngozi ndiyo tairi la mbio halina. Likiwa jipya kabisa, kina cha mifereji yake ni kama milimita 5 au 6, wakati tairi la kawaida huanza na kama 8. Lengo ni kupunguza mchezo wa mpira ili usukani ujibu haraka. Uwanjani hilo ni hekima, kwa sababu lami ya uwanjani hufagiwa. Nani anafagia barabara ya Kakuma? Mpira laini na moto huokota kila kitu: kokoto, changarawe, kipande cha waya. Dereva atasikia mvua ya mawe chini ya gari, tra-tra-tra, na ni tairi lake mwenyewe linaokota na kurusha.

Halafu kuna mathenge. Hapa Turkana tunaujua vizuri huu mti, Waturkana huuita etirae. Uliletwa ili uzuie jangwa, ukapenda makao, ukajaza kingo za Turkwel na vichochoro vya Kakuma. Kuni unatoa, makaa unatoa, kivuli unatoa. Na miiba unatoa, mirefu na migumu, inayopita soli ya ndara bila kuaga. Muulize yeyote wa bodaboda anayebeba abiria kambini, kati ya Kakuma One na Kakuma Three, ni nini kinachomlisha fundi wa pancha. Hatataja misumari. Mwendesha bodaboda ana tyubu, ana viraka, na kwa shilingi kidogo anarudi kazini. Tairi la mbio likichomwa ubavuni, huko hakuna kiraka. Tairi limekwisha, na la kufanana nalo liko Nairobi, kama lipo.

Sasa mchanga. Upepo wa Turkana una kawaida ya kuleta mchanga barabarani na kuulaza kwenye lami kama mkeka. Dereva mzoefu wa Land Cruiser akitoka lami akaingia mchangani hupunguza upepo mpaka kama 18 au 20, tairi likatandazika. Amejifunza wapi? Mtazame ngamia. Unyayo wake ni mpana na laini. Akikanyaga unatanuka, mzigo unasambaa, hazami. Ngamia ni gari lililotoka kiwandani likiwa na upepo mdogo. Kule Maralal ngamia hushindanishwa mbio tangu mwaka 1990, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubadilishiwa gurudumu.

Je, Subaru yetu inaweza kufanya kama ngamia? Ngumu. Tairi lake limeandikwa 225/40 R18. Maana yake upana ni milimita 225, na ubavu ni asilimia 40 ya upana huo: sentimita 9, kiasi cha urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima. Punguza upepo hapo, uingie mchangani, na jiwe la kwanza lililojificha litabana ubavu mpaka kwenye rimu. Rimu itapinda au tairi litakatika. Ni sawa na kumvalisha mchezaji viatu vya uwanja wa Nyayo halafu umtume akachunge mbuzi milima ya Loima. Viatu ni vizuri. Ni kazi iliyokosewa.

Labda mtu anauliza: mbona magari ya Safari Rally yanakimbia kwenye mawe na vumbi, tena kwa kasi ya kutisha? Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloonyesha tairi hutengenezwa kwa ajili ya mahali.

Safari ilianza mwaka 1953. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19 nje, ilikuwa inazunguka Naivasha, na matairi ya magari makubwa yalitoka kwa kampuni moja, Pirelli; tangu 2025 ni Hankook. Tairi lile la vumbi lina meno makubwa na ubavu ulioimarishwa, na bado Kenya huliadhibu. Mwaka 2022 Sébastien Ogier, bingwa wa dunia mara nane wakati huo, alipata pancha siku ya Ijumaa na nafasi ya ushindi ikamponyoka. Akamaliza wa nne, nyuma ya wenzake watatu wa Toyota, Kalle Rovanperä akiwa mbele. Hakuzidiwa mwendo. Alizidiwa na ardhi chini ya gurudumu moja.

Na kuna jambo dogo la mashindano yale ambalo mtu wa Kakuma atalipenda. Kabla ya kuondoka, kila timu huamua: tubebe spea moja au mbili? Mbili ni salama lakini ni mzigo, na mzigo hula sekunde. Moja ni nyepesi lakini ni kamari. Wahandisi waliosoma vyuo vikubwa huketi na kompyuta zao wakiumiza kichwa juu ya hesabu ambayo dereva wa Probox wa Lodwar huifanya kila alfajiri akifunga kamba kwenye keria.

Haya, tuseme dereva wetu ni mbishi. Matairi ameshanunua, hayarudishwi, na anataka kuyajua. Afanye nini?

Kwanza asiyajaribu kwa kasi kwenye barabara ya umma. Hilo lisemwe bila kuzungukazunguka. Sheria ya Kenya hairuhusu mashindano barabarani bila kibali, na hata sheria ingelala, punda wa Turkana hawalali. Wanavuka wanapotaka. Watoto wa shule wanavuka, mbuzi wanavuka, bodaboda inatoka kichakani na gunia la makaa. Katika vituo vya biashara mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na hilo linamhusu hata mwenye matairi ya uwanjani.

Lakini kulijua tairi si lazima kukimbia. Tairi jipya hutoka kiwandani likiwa na utelezi usoni, mabaki ya dawa inayolitoa kwenye kalibu. Kilomita 100 au 200 za mwanzo liende taratibu, bila breki za ghafla. Halafu lipate moto wa wastani, lipumzike mpaka kesho yake. Mpumziko huo una maana. Mpira uliopashwa mara ya kwanza ukapewa muda wa kutulia huchelewa kukakamaa baadaye. Ni kama maziwa ya kugandisha: ukiwa na pupa ukakitikisa kibuyu mapema, umeharibu.

Kisha chaki. Ndiyo, chaki ya darasani. Chora mstari mweupe kutoka usoni mwa tairi mpaka ubavuni, kwenye magurudumu yote manne. Ukitoka kwenye kona zako, simama utazame. Chaki imefutika mpaka wapi? Ikiwa imefutika kushuka ubavuni, tairi linalala, upepo ni mdogo. Ikiwa imebaki hata kwenye bega la uso, upepo ni mwingi, tairi limesimama vidoleni. Unataka ifutike mpaka ukingoni mwa uso, pale watengenezaji wengi wanapoweka alama ndogo ya pembetatu. Hakuna mtambo wa laki moja unaosema ukweli huo kwa uwazi kuliko chaki ya shilingi chache.

Chukua na daftari. Andika: asubuhi baridi, upepo kiasi gani kila gurudumu. Baada ya mwendo, moto, kiasi gani. Hali ya hewa. Limepashwa mara ya ngapi. Na kabla ya yote hayo, soma tarakimu nne za tarehe ubavuni. 3524 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka, au lililoning'inizwa juani mbele ya duka kama tangazo, ni jipya kwa jina tu. Jua la hapa limelipasha kabla halijafungwa kwenye gari.

Narudia, maana kuna aliyewasha redio sasa hivi: pima upepo tairi likiwa baridi. Baridi ya Lodwar ni saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne umeshachelewa.

Imebaki mvua. Mtu atasema mvua Turkana ni mgeni. Ni mgeni anayekuja na kijiji kizima. Kawalase pale Lodwar, Tarach pale Kakuma: asubuhi ni mchanga mkavu watoto wanachezea mpira, jioni maji yanapita yakibeba miti. Laga kama hizo, mito ya msimu, zikishuka, huacha tope jembamba juu ya lami, laini kama uji. Mifereji ya tairi la kawaida ipo kwa ajili ya kuyapisha maji yatoke chini ya gurudumu. Tairi la mbio lina mifereji michache, na likianza kuchakaa linakaribia kuwa kipara. Juu ya maji linapanda kama mtumbwi, usukani unakuwa mwepesi ghafla, na dereva anagundua kwamba gari si lake tena. Kwenye laga yenye maji hakuna tairi la kujaribu, la mbio wala la lori. Wanaosubiri ng'ambo huchelewa, lakini hufika.

Basi dereva wetu amefika Kakuma. Ameiona milima ya Pelekech ikiwa ya buluu, ameingia mjini polepole, matairi yakinguruma, kwa sababu haya matairi yananguruma hata kwenye lami njema. Vijana wamelizunguka gari. Mmoja ameinama, amegusa mpira, amesema ni laini kama ulimi wa ng'ombe. Mwingine ameuliza bei na kupiga mbinja.

Kisha anakuja fundi wa akala. Huyu naye ni wa kubuni, lakini mafundi wa kazi yake wapo katika kila soko la kaskazini. Akala ni viatu vya mchungaji, vinakatwa kwenye tairi kuukuu, na miiba ya mathenge inavijua. Fundi hatazami gari. Anapiga magoti mbele ya gurudumu, anapima unene wa uso kwa kidole gumba, anabinya ubavu, anauliza kama ndani mna waya za chuma. Anaambiwa zimo. Anatikisa kichwa. Waya hutoboa nyayo, na mpira wa namna hii ungeisha kabla mbuzi hawajafika kisimani. Anasimama, anajipangusa vumbi, anavuka barabara kwenda kulitazama tairi la nyuma la lori lililoegeshwa upande wa pili.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, saa hiihii, tutaongea na fundi wa pancha kuhusu tyubu na viraka. Kwa walio njiani kuja Lodwar, au kushuka kwenda Kitale, safari njema.